Nilivyokwenda Rusizi Kuulizia Vyuo Viwili

Binti yangu Neema alipokubaliwa na vyuo vikuu viwili, kimoja cha Uingereza na kingine cha Marekani, na vyote vikaahidi kumlipia kila kitu, mtaa wetu hapa Mwanza ukageuka bodi ya elimu. Fundi viatu wa kona alisema cha Uingereza ndicho baba wa vyuo vyote, kimesomesha wakubwa wa dunia. Mchungaji wetu akasema hapana, siku hizi ni Marekani, huko ndiko kwenye fedha na tuzo. Neema mwenyewe alinionyesha kwenye simu majedwali ya vyuo bora: hili limeweka hiki juu, lile limeweka kile. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, na nilichokiona ni watu wanaosifia kitambaa ambacho hawajakishika.

Neema alitakiwa kujibu mwisho wa mwezi. Ni mtoto wangu wa pekee, na baba yake ni marehemu. Kila aliyekuja kutupongeza nilimchekea, lakini moyoni niliogopa. Nilikuwa namtoa mtoto kwa watu nisiowajua, na umashuhuri wao haukunipunguzia hofu hata kidogo.

Ndipo wifi yangu, Maman Solange, alipopiga simu kutoka Rusizi, Rwanda. Yeye na marehemu mume wangu walizaliwa Bukavu kwa wazazi Wanyarwanda. Kaka akahamia Mwanza, dada akarudi Rwanda. Nilimweleza habari ya vyuo. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa Kiswahili chake cha Bukavu, "Na nani alienda kubauliza, bale bantu?"

Nilijua anachosema. Kwao, kabla ya kutoa binti, hutumwa mtu kuulizia ukoo wa upande wa pili, na haulizi wenyewe, anauliza waliokaa nao. Mume wangu alipotaka kunioa, ni wifi huyu huyu aliyekuja Mwanza akauliza habari zangu hadi kwa muuza mkaa. Nilimnunia mwaka mzima.

"Wifi, hiki ni chuo," nikamwambia. "Hakuna anayeolewa."

"Mutoto ataenda kuishi kwabo ao hapana? Kuya huku. Hapa kwetu kuko bantu babili benye balipita mule. Tutabauliza."

Kutoka Mwanza nilisafiri kwa basi hadi mpaka wa Rusumo, ambako nilirudisha saa yangu nyuma na gari likahamia upande wa kulia wa barabara. Sikuweza kuzoea, kila lori lililokuja mbele yetu nililikanyagia breki kwa mguu wangu mwenyewe. Jirani yangu wa kiti akanipa karanga ili nitulie. Nililala Kigali kwa binti mmoja wa kanisa letu, naye akanisindikiza asubuhi hadi stendi, akahakikisha nimekaa dirishani. Mungu ambariki.

Baada ya Huye, barabara iliingia katika msitu wa Nyungwe. Baridi ilipenya hadi kwenye viatu. Kwa muda mrefu hatukuona nyumba wala shamba, ila miti mirefu yenye ukungu na nyani waliokaa kando ya lami wakitutazama. Msitu ulipoisha, mashamba ya chai yalikuwa yametandaa juu ya vilima, kijani kibichi kiasi kwamba dereva alipopunguza mwendo nilishukuru. Nilitamani Neema angeyaona.

Kamembe, mjini Rusizi, tulifika mchana. Wifi alikuwa ametoka mpakani Rusizi ya Kwanza, ambako huvuka kila siku kwenda Bukavu kuuza vitenge, na bado alikuwa na robota lake kichwani. Alinikumbatia nalo hivyo hivyo. Nyumbani kwake nilikuta maji ya moto ya kuoga, ugali wa muhogo na kitanda chake mwenyewe kimetandikwa kwa ajili yangu. Nilipokataa kitanda, aliniambia nisimletee mambo ya Kitanzania.

Asubuhi iliyofuata tulishuka bondeni hadi Muganza. Huku joto ni kali. Upande mmoja kuna mashamba ya mpunga, upande mwingine malori ya saruji yanapanda mlima taratibu, na majani ya migomba ya kando ya barabara yamepauka kwa vumbi. Tulimkuta Papa Espoir nyumbani kwake, ametoka zamu. Ni injinia wa kiwanda cha saruji, anasali kanisa moja na wifi, na alimaliza masomo katika kile chuo cha Uingereza. Picha yake akiwa na joho jeusi ilikuwa ukutani, juu ya televisheni.

Mkewe alituletea soda. Papa Espoir akakisifia chuo, na alijua kusifia. Alitueleza majengo ya mawe yenye umri wa mamia ya miaka, maktaba zisizofungwa, walimu ambao vitabu vyao ndivyo vinavyosomwa dunia nzima. "Ukisema tu jina, muntu anasimama," alisema. "Mimi mutoto wa Bukavu, hata waziri alinisimamia." Nilikuwa nimeshashawishika. Nikawa nawaza namna ya kumwambia fundi viatu kwamba ameshinda.

Wifi akaweka chupa yake chini. "Papa Espoir, kule uliwahi kugonjwa?"

"Mara mingi. Ile baridi haiko muchezo."

"Nani alikuletea chakula?"

Akacheka. "Maman Solange, kule banajiletea."

"Na wakati baba yako alikufa, bale bantu balisema nini?"

Papa Espoir aliinua macho kwenye picha yake ya joho. Mkewe aligeuka kumtazama. "Siku ile nilikuwa na mutihani," akasema. "Nilifanya mutihani."

"Balikuambia ufanye?"

"Sikubaambia. Sikujua ni nani wa kuambia."

Tukamaliza soda, tukaaga. Njiani nilimgombeza kwamba amemuumiza mtu nyumbani kwake, mbele ya mkewe. "Njo vile banaulizaka," akanijibu, yaani ndivyo wanavyouliza.

Kesho yake tulipanda boti ya injini kwenda kisiwa cha Nkombo. Ziwa Kivu lilikuwa tulivu, na milima ya Kongo ilionekana karibu sana. Tulikwenda kumwona Maman Aline, mwalimu wa shule, ambaye alichukuliwa na kile chuo cha Marekani akakiacha mwaka wa pili bila cheti. Huyu ndiye wifi aliyemtegemea zaidi. "Ule mwenye alimaliza atasifu tu," aliniambia. "Ule mwenye alitoka, njo tumusikilize." Nami nilijiandaa kusikia machungu.

Maman Aline alituandalia viazi vitamu na chai nje ya nyumba yake. Alizungumza polepole, bila haya. Mwaka wa pili aliugua kwa huzuni, akaacha kula, akaacha kutoka chumbani. "Kulikuwa mwalimu mumoja, mama muzee. Alikuya na supu. Nilikataa. Kesho yake alikuya tena na supu. Alikuya vile mupaka nilikula."

"Na chuo?" nikauliza.

"Balinilipia ndege ya kurudi. Balisema kiti yangu iko, nirudi siku nitapenda. Sikupenda tena. Huku njo kwetu." Akanimiminia chai nyingine. "Lakini Maman Neema, nisikudanganye. Haikuwa iniversite nzima. Ilikuwa ule mama."

Wifi hakusikia hilo la mwisho, au alisikia akaliacha. Kwenye boti ya kurudi alikuwa ameshaamua: Neema aende Marekani, kwa watu ambao hata aliyetoka kwao anawasema vizuri. Nami nilikubaliana naye. Nilijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu habari hizi zianze.

Siku ya kuondoka, alfajiri, nikiwa nimeshakaa ndani ya basi pale Kamembe, mtu aligonga kioo. Alikuwa Papa Espoir, viatu vyeupe kwa vumbi la saruji, ametoka kazini moja kwa moja. Nilishuka. Alinishika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Maman, mutoto akienda kule kwingine, ni muzuri. Lakini akienda kwetu Uingereza, asifanye sawa mimi. Akiwa na neno, anipigie. Hata niko mu zamu, nitatoka." Akanipa namba yake na kurudi kwenye pikipiki iliyomleta. Nilipanda basi, namba nimeishika mkononi. Mlima wote ule tulioushuka sisi kwenda kwake, sasa yeye alikuwa ameupanda bila kulala.

Mwanza nilimsimulia Neema yote, pamoja na uamuzi wa shangazi yake. Alichukua namba, akaingia chumbani, wakaongea na Papa Espoir muda mrefu kuhusu masomo ya maji anayotaka kusoma. Alipotoka alisema, "Mama, nakwenda Uingereza."

"Na supu?"

"Yule bibi alikuwa mzee tangu wakati ule, Mama. Pengine hayupo tena. Papa Espoir yupo."

Niliondoka Mwanza nikitafuta chuo chenye jina lisilo na doa, na kumbe majina yote mawili yalibebwa na mtu mmoja mmoja: huku mama mwenye supu, huku injinia aliyepanda mlima alfajiri. Nawashukuru wote wawili, na Maman Aline aliyeniambia kweli, na wifi yangu mwenye maswali yake.

Huyo wifi ndiye niliyemwogopa kumpigia. Nilimweleza uamuzi wa mtoto, nikangoja ugomvi.

"Bon," akasema. "Basi Papa Espoir njo mukwe wetu sasa. Siku ya Mungu nitaenda kumusalimia."

Na Jumapili alikwenda kweli, amevaa kitenge kipya, na beseni la sambaza kichwani, wale dagaa wa Kivu, jinsi waendavyo watu waliokwisha kutoa binti. Jioni hiyo Papa Espoir alinipigia. Alisema wamekula, wamemwombea Neema, na watoto wake wanauliza dada yao anaondoka lini. Nilimshukuru, nikakata simu, nikainamia cherehani yangu nikalia, maana mtoto wangu wa pekee alikuwa na wadogo.