Verbena za Mzee wa Shinyalu na Baridi Aliyoingoja

Habari ilinifikia nikiwa na kikombe cha chai mkononi: yule mzee wa Shinyalu, aliyekuwa akiyaficha maua yake yasiuawe na barafu, amefariki. Ndiyo, barafu. Hapa Kakamega, ambako kitu baridi kuliko vyote nikijuacho ni soda ya dukani, na hiyo pia stima ikiwepo. Wasomaji wangu wa siku zote wanajua kwamba sina mazoea ya kumpaka marehemu mafuta. Huyu nilimdharau akiwa hai, na sioni kwa nini nianze kumsifu kwa sababu tu hawezi kunisikia.

Alikuwa ameishi miaka mingi ughaibuni, nchi ya theluji, akitunza bustani za watu. Aliporudi kwao alirudi na ua moja kichwani: verbena, kijimea kinachotambaa chini na kutoa vishada vya zambarau. Ua zuri, sikatai. Ila alirudi pia na majira ya huko. Kila Oktoba, verbena zake zikiwa zimechanua kama zimealikwa harusini, alizing'oa zote, akazipogoa zikabaki vijiti, akazitia kwenye mikebe na kuzifungia ndani ya stoo yenye kidirisha kimoja. Maji alizipimia kwa kikombe, eti mizizi isioze ikiwa imelala. Ilale! Huko nje mchicha unapanda hadi kiunoni, na zake zimelala. Alizitoa Aprili, na hata hapo si kwa mara moja. Kwanza alizibeba nje asubuhi na kuzirudisha ndani jioni, siku baada ya siku, zizoee hewa. Kisha akaziacha nje Julai nzima, mwezi ambao sisi hapa tunatafuta sweta. Mambo gani hayo, jamani?

Ningemwachia wazimu wake kama si ile stoo. Stoo ni ya mahindi. Mkewe alivuna, akaanika, akapukuchua, na Oktoba ilipofika magunia yakahamia sebuleni kuyapisha maua. Nilipowatembelea nilikalishwa juu ya gunia, na panya akapita katikati yetu kama mwenye nyumba. "Unaona vile tunaishi, mgeni?" mama akaniambia mbele ya mumewe. "Mahindi inaingia dudu, maua ndiyo inalazwa kama mgonjwa." Mzee hakutikisika. "Nyinyi watu wa huku," akasema, kana kwamba yeye alizaliwa kwenye ndege, "mnajua kupanda kitu ya kula peke yake. Hamjawahi kuamka asubuhi mkute kila kitu mlipanda imekuwa nyeusi. Mimi nimeona. Usiku mmoja tu, na bustani imeisha." Nikamuuliza hiyo baridi itafika lini Shinyalu. Alinitazama vile mtu anavyomtazama mpumbavu. "Inakujanga siku haujajipanga," akasema. Nilicheka njia nzima hadi mjini, na kisa hicho nimekisimulia kila mahali nilipopata wa kunisikiliza.

Alikufa Novemba, verbena zikiwa ndani. Mazishini tulijaa, na hapo, wenzangu, niruhusuni niwadharau walio hai pia. Vigingi vya mahema vilipigiliwa katikati ya sukuma wiki za mama. Pikipiki ziliegeshwa juu ya maboga. Fahali walikimbizwa uani kumuaga mzee, kama ilivyo desturi, na umati nyuma yao ukikanyaga kilichosazwa na kwato. Waliomwita mwendawazimu walishika maikrofoni wakamwita mpenda mazingira. Mheshimiwa mmoja, ambaye hakuwahi hata kuliona lango la boma lile, alimlilia kwa sauti ya kuomba kura. Kisha ndugu wa marehemu, mtu wa tumbo na amri, akaja na wapishi hadi mlango wa stoo. "Toeni hii nyasi, tuweke nyama!" Mama, yeye yule aliyezilaani verbena hizo kila Oktoba, alijipanga mlangoni, leso ameikaza kiunoni. "Shemeji, nyama ikae huko nje. Hapa hakuna mtu anaingia."

"Lakini mama, si ni maua tu?" mpishi mmoja akauliza.

"Najua ni maua. Hayo maneno nimeyasema mimi kabla yako."

Hakubanduka pale mpaka sufuria ya mwisho ilipokwanguliwa. Nami, kwa taarifa yenu, nilikuwa kwenye foleni ya nyongeza.

Kesho yake nilirudi kumjulia hali. Boma zima lilikuwa tope. Sukuma, maboga, vitunguu, hata migomba ya nyuma ya jikoni ilikuwa imelala chini. Mama alikuwa amepiga magoti kando ya kaburi, mikebe imemzunguka, akivipanda vile vijiti vya mumewe kwenye udongo mbichi. Hakungoja Aprili. Nikamwambia pole kwa shamba. Akaviangalia viatu vyangu, vilivyokuwa bado na tope la jana, akaangalia chini tena. "Mahindi inarudi stoo leo," akasema. "Yeye alikuwa anasemanga baridi itakuja siku hatujajipanga. Basi ilikuja. Ikakula nyama, ikaomba nyongeza, ikaenda."

Bado nasema mzee yule alikosea kuhusu Oktoba, kuhusu Aprili na kuhusu vile vikombe vya maji, na mke wake hakustahili kuishi na panya kwa ajili ya ua. Lakini katika boma lile kitu pekee kilichobaki hai ni kile alichokifungia ndani, sisi tusikifikie. Kwa hiyo somo langu leo ni fupi, na nimelinunua kwa aibu. Mkienda kumlilia mtu, tazameni kwanza mnapoweka mguu.