Kikombe Kwenye Beseni la Matanga

Kazi yangu ni kufundisha watu kunawa mikono, na imenichosha kuliko jembe. Nazunguka mtaa wa Mangobo, hapa Kisangani, na kichupa cha mawese na kopo la masizi ya sufuria. Nawapaka akina mama viganjani, nawaambia wanawe kwenye beseni, maji matupu. Weusi unabaki. Kisha nawamiminia maji ya jagi, na sabuni, katikati ya vidole, chini ya kucha, mpaka mikono inatakata. Wanacheka, wanapiga makofi, wananiita mwalimu. Ukipita saa ya kula unakuta nyumba nzima inachovya mikono kwenye bakuli moja, baba wa kwanza, kitinda mimba wa mwisho, na maji yamekuwa mchuzi. Unasalimia, unaanza upya.

Mwaka ambao kipindupindu kilirudi kwenye mitaa ya kando ya mto, dada yangu alifariki. Si kwa kipindupindu, ilikuwa presha. Aliacha wasichana wawili wadogo. Mume wake ni mtu wa kukaa kimya, mwenye kusema ni mama yake, na huyo mama alikuja msibani kutoka Isangi akatangaza kwamba atarudi na wajukuu wake. Mimi nilitaka wabaki kwangu. Nilitoa sababu ya shule, na shule ilikuwa sababu kweli, lakini zaidi ya hapo niliwataka kwa kuwa wakicheka chumba cha pili unadhani ni dada.

Tonton wetu, kaka yake mama, ndiye angetusemea baada ya mazishi. Aliniambia nisihangaike. Kwetu, ndugu wa mke aliyefariki huketi kwenye viti. Upande wa mume ndio unaopika, unaochota maji, unaopiga magoti. Ukiketi unaheshimiwa, na ukiheshimiwa unaweza kudai.

Tulirudi kutoka makaburini na udongo mikononi. Mlangoni kulikuwa na beseni la maji yenye majani, na mama wa Isangi amesimama kando yake. Kila aliyetoka kuzika anachovya mikono humo, ili kifo kisimfuate nyumbani, kisha anakwenda kula. Usipochovya, au ukinawa kivyako pembeni, umewaambia wenye nyumba kwamba wao ndio waliomroga marehemu. Nilikuwa mbele ya msururu, kwa heshima ya ufiwa. Nikageuka nyuma. Hatua chache kutoka kwangu alikuwa jirani wa kando ya mto, mume wake bado amelazwa na kipindupindu, yeye ndiye anayemuuguza. Nyuma yake walisimama wale wasichana wawili, wameshikana mikono, wanasubiri zamu.

Sikupanga kitu. Nilichukua kikombe kilichokuwa kando ya beseni, nikapiga magoti, nikatoa sabuni kwenye mkoba, nikaanza kuchota na kuwamiminia watu mmoja mmoja, maji machafu yakimwagika chini. Maji yalikuwa yaleyale, na majani yaleyale, ila hakuna mkono ulioingia ndani. Mama wa Isangi alinitazama, kisha akaleta mikono yake, wa kwanza. Wengine wakafuata.

"Bokilo anatumikia sisi," mwanamke mmoja wa upande wao alinong'ona. Bokilo ndilo neno lao la mkwe, na alilisema kama mtu aliyeona jambo geni.

Tonton aliinama sikioni kwangu. "Simama. Weye njo mwenye kufiwa. Ukipiga magoti mbele yao, miye nitaomba nini?"

"Tonton, lete mikono."

Akaondoka bila kunawa. Nilibaki nikimimina. Magoti yaliniuma, mgongo uliniuma, na nilikuwa na hasira na kila mtu, pamoja na dada aliyeniachia mambo haya. Wasichana walipofika niliwasugua hadi kwenye vifundo. Kazi niliyokuwa nimeihubiri miaka yote ilifanyika siku ile bila mtu kubisha.

Jioni familia zilikaa kuzungumza. Tonton alipopewa nafasi alisema hana neno. Nilijaribu kusema mwenyewe, wazee wakaniomba nipumzike, nimefanya vya kutosha.

Matanga yalipokwisha niliwasindikiza wasichana na bibi yao bandarini, kwenye boti ya kushuka Isangi. Mabegi yalikwisha kupakiwa, na mama wa Isangi alikuwa amekaa juu ya gunia la mchele. Aliponiona alinishika mkono.

"Bokilo, miye nilikuwa naogopa sana. Nilisema, watu wa Kisangani watatugombanisha juu ya hawa watoto. Alors, nikakuona umepiga magoti, unanawisha sisi wote. Njo nikajua unatupa watoto na roho nyeupe. Merci, mama."

Macho yake yalikuwa na machozi, na hakuwa anaigiza. Ningemjibu nini? Kwamba sikuwa nampa kitu, nilikuwa naogopa beseni lake? Mbele ya abiria wote, kwa mama aliyemzika mke wa mwanawe kama binti yake? Mota ikawashwa.

"Ndiyo, mama," nilisema. Nikamnyanyua yule mdogo, nikampitisha juu ya maji, nikamweka mikononi mwake.