Nilimpiga Mama Mkwe Kikaango Ili Mwanangu Apate Choo

Jino la mama mkwe lilidondoka sakafuni, nikaliruka nikatoka nje.

Kabla hujaniita shetani, nisikilize. Sisi Wamenoni wa Lancaster, Pennsylvania, Marekani, ni Wakristo wa kusafiri kwa farasi, na hatupigi mtu. Ukichapwa kofi unageuza shavu la pili. Nilichofanya mimi, Verna, kanisani kwetu hakijawahi kusikika.

Mwanangu Lamar alikuwa na siku tatu, hajapata choo hata kidogo. Tumbo limevimba hadi ngozi inang'aa. Akaanza kutapika kijani.

"Mama, twende hospitali."

"Gesi tu hiyo," mama mkwe Lizzie akajibu, kijiko cha chai ya shamari mkononi. "Mimi nimelea kumi. We umelea wangapi?"

"Anakufa!"

"Basi Mungu amemwita. Hao wa hospitali wanajua kupasua tu."

Akasimama mlangoni, mikono kiunoni. Mume wangu Elvin anatazama viatu vyake. Mwanaume mzima!

Nikashika kikaango cha chuma. Paa!

Damu ikaruka hadi kwenye pazia. Nilimkanyaga mguu nikipita na mtoto kifuani, na wala sikuomba radhi. Ndipo Elvin akazinduka. Alimcharaza farasi wa mkokoteni wetu njia nzima mpaka akatoa povu.

Hospitali, daktari alimtia mtoto kidole nyuma. Alipokitoa, hewa na kinyesi vikafyatuka, vikamrukia kifuani.

Wakamega kinyama kidogo cha utumbo, wakapima.

"Kipande cha mwisho cha utumbo hakina mishipa ya fahamu, hakisukumi kitu," daktari akasema. "Kazaliwa hivyo. Tutakikata, tuunganishe palipo pazima. Kwenu ugonjwa huu ni mwingi, mnaoana ndani ya ukoo."

Wakampasua. Akapona.

Kanisani nikaitwa mbele ya waumini niombe msamaha. Nikapiga magoti, mdomo ukagoma. Sikuwa najuta, nidanganye ya nini?

Mama mkwe akainuka, pengo wazi, shavu jeusi. Nikajua nimekwisha.

"Mwacheni," akasema. "Wanangu wawili wa kwanza walivimba hivihivi. Mama mkwe wangu akaziba mlango, akasema Mungu kawaita. Nikaamini, ningefanyaje? Mimi sikuwa na ubavu wa kumpiga."

Akaja akapiga magoti kando yangu. Tulilia mpaka wazee wakaondoka.

Mzazi, kichanga kikipitisha siku mbili tangu kizaliwe bila choo, au kikitapika kijani, acha kubishana. Beba mtoto, kimbia. Aliyekuzibia mlango mtaombana msamaha baadaye, mtoto akiwa hai.