Kivuli Mlangoni, Nami Nisigeuke

Leo mke wangu amenisalimu, nami nikanyamaza.

Neema, binti wa mdogo wangu, anapiga filamu hapa kwangu Kasulu. Humo mimi ni mzee anayenyemelewa na muuaji.

Aliziba madirisha kwa blanketi, akaweka taa nyuma ya mlango ulio wazi, ili kivuli cha anayeingia kikue ukutani mbele yangu. Kamera iliubana uso wangu.

Kivuli kilipotokea, niligeuka: "Karibu!"

"Baba mkubwa, huyo ni muuaji! Usigeuke, usimkaribishe!"

Tukarudia. Kivuli kikakua, kikainama. Nikasikia makofi ya salamu zetu Waha. Shingo ikasisimka, lakini sikugeuka.

"Safi sana!"

Kumbe ni mke wangu, amerejea kutoka Kibondo, amepiga magoti mlangoni.

Tangu hapo ninamsalimu, naye amenipa mgongo.

Ninyi mngegeuka?