Mlio wa gurudumu uliomlinda bibi yangu Makwale, enzi za Mjerumani

Wakuu, mugonile! Ndivyo tunavyosalimiana kwetu Kyela, msishangae.

Uzi huu ni wa gari, lakini pia ni wa bibi yangu. Chumvi sijatia. Nimeuandika kama nilivyousikia kwake mwenyewe.

Wiki iliyopita pikapu yangu ilianza kulia tairi la mbele kushoto. Nyiii, nyiii, nyiii. Ukiongeza mwendo inalia harakaharaka, ukisimama inanyamaza. Kila niliyempa lifti alikuja na ugonjwa wake: huyu beringi, yule breki pedi, mwingine eti nimerogwa. Aisee, watu!

Nikaipeleka kwa fundi mjini. Akaipiga jeki, akalitikisa tairi juu na chini, halichezi. Beringi nzima. Pedi nazo bado nene. Kisha akaanza kulizungusha taratibu kwa mkono huku katega sikio.

Nyiii.

Wakuu, nilijikuta nimesogea kando na kuipa gari mgongo. Fundi akacheka: "Mzee, unaikimbia gari yako mwenyewe?"

Nilikuwa nimemkumbuka bibi, mama yake baba.

Bibi aliolewa Makwale wakati Mjerumani anatawala. Wasio wa kwetu niwaeleze kidogo: kwa Wanyakyusa wa siku zile, mke hakuruhusiwa kuonana na baba mkwe wake. Hakumsalimia, hakumtazama, hata jina lake hakulitaja. Akisikia anakuja, anaingia migombani na kugeuka hadi apite. Haikuwa chuki, ndiyo heshima yenyewe. Na waliamini mjamzito akikutana naye uso kwa uso, mimba inaweza kutoka.

Sasa huyo baba mkwe alikuwa anaendesha gari la ng'ombe, akipeleka mpunga na matofali Ziwa Nyasa. Magurudumu mawili ya mbao, na moja lilikuwa linalia balaa. Bibi alisema ukiwa shambani unalisikia kabla hujaona hata vumbi. Wanaume wenzake walimtania mzee mpaka akachoka: "Mlishe huyo mtoto wako, analia njaa!"

Babu, yaani mume wa bibi, alikuwa ndiyo kwanza ameoa. Akaona amwondolee baba yake aibu.

Kwanza walimshauri apake ndizi mbivu. Akapaka. Likanyamaza mpaka mtoni, likaanza upya, na inzi wakalisindikiza njia nzima.

Basi akatulia, akatembea kando ya gari akisikiliza. Akagundua likiwa tupu halilii, likibeba mzigo linalia. Akaliinua kwa gogo, akalizungusha gurudumu kwa mkono huku katega sikio, vilevile kama fundi wangu wa juzi! Kumbe tundu la katikati lilikuwa limelika upande mmoja, mzigo ukikaa mbao inasuguana na chuma cha ekseli. Akakata ngozi ya ng'ombe, akaivika pale, akapaka mafuta ya ng'ombe juu yake.

Kimya kabisa. Mzee akafurahi, babu akatembea kifua mbele.

Hakuna hata mmoja aliyemfikiria bibi. Hili huwa linaniuma mpaka leo.

Bibi alikuwa na mimba yake ya kwanza, ya baba yangu. Siku hiyo alikuwa anatoka ziwani, alikobadilishana ndizi na chungu cha Wakisi, wale wafinyanzi wa ufukweni. Chungu kichwani, anatembea zake bila wasiwasi, kwa sababu masikio hayajasikia kitu. Akakata kona ya migombani, akakutana na pua za ng'ombe. Akainua macho. Baba mkwe huyu hapa, juu ya gari.

Chungu kikaanguka, kikapasuka. Bibi akajitupa chini na kufunika uso. Mzee naye akarukia upande wa pili, akageukia shamba. Ng'ombe wakabaki katikati hawajui wamfuate nani.

Ndipo mzee akawaambia wale ng'ombe, kwa sauti ya kusikika: "Tulieni, ng'ombe wangu. Mimi hapa sijaona mtu. Nimeona migomba tu."

Bibi akifika hapo alikuwa anafuta macho. Waliambiwa ng'ombe, lakini hayo ndiyo maneno pekee aliyowahi kupewa na mkwewe.

Jioni tumbo likaanza kumuuma. Mama yake akaja kumchukua, akamrudisha kwao Ndandalo. "Simwachi mwanangu mahali ambapo mkwe anapita kimyakimya kama paka," alisema. Babu akabaki na nyumba tupu, hajui kama bado ana mke, hajui kama atapata mtoto.

Mzee hakulaumu mtu. Asubuhi aliichomoa ile ngozi, akafuta mafuta yote, akamimina mchanga mlemle tunduni. Akapakia mawe, maana likiwa tupu lisingelia vizuri. Akaliendesha mpaka Ndandalo, akapita njia ya chini ya nyumba ya kina bibi. Akageuza, akapita tena. Lilikuwa linalia kuliko zamani!

Bibi ndani akasikia. Akamwambia mama yake, "Mama, nirudishe. Nimeitwa."

Akarudi, na baba yangu akazaliwa salama.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilipofika, gari likachukuliwa kubeba mizigo ya askari, na mzee akaenda nalo. Siku ya kuondoka bibi alisimama migombani, mtoto mgongoni, ameipa njia kisogo, akausikiliza ule mlio mpaka ukapotea. Mzee hakurudi. Kaburi lake hatulijui.

Mimi nilimkuta bibi ameshakuwa kikongwe. Baiskeli yangu ilikuwa inalia, na kila nikikaribia nyumbani alijikongoja kutoka njiani na kunipa mgongo. Nilikuwa nacheka mno. Siku moja nikamuuliza, "Bibi, unamkimbia nani?"

"Simkimbii mtu, mume wangu," akasema. Si mnajua bibi zetu wanavyotutania wajukuu. "Nampisha. Huenda leo ndiyo anarudi."

Sikucheka tena.

Turudi kwa fundi. Alifungua tairi, akakuta kijiwe kimenasa kati ya diski na bati lake la nyuma. Kijiwe tu, wakuu! Akaniuliza, "Nikitupe, mzee?" Nikamwambia anipe. Kiko mfukoni hapa ninapoandika.

Nilichojifunza: gari likilia usikimbilie kubadilisha vifaa. Liinue, lizungushe, sikiliza. Na kabla hujanyamazisha kitu nyumbani kwako, uliza kwanza kama kuna mtu anakisikiliza.

Haya, mafundi na wajukuu wenzangu, shusheni ya kwenu hapa chini. Ndaga fijo, asanteni sana kwa kusoma. Na mwenye bibi aliye hai, leo msogelee umuulize ni sauti gani anaisubiri.