Kilima Alichopanda Baba

Barabara inayotoka darajani kwenda Boito inaanza kwa upole kati ya mashamba ya chai, halafu inasimama kama ukuta. Hata pikipiki huipanda zikilia. Niliamua kuipanda kwa baisikeli kwa sababu daktari alikuwa amenionya kuhusu presha, na pia kwa sababu ya baba.

Baba alikuja huku kutoka Kisii akiwa kijana, akapata kazi kwenye kiwanda cha chai. Katika kambi ya wafanyakazi tulikokulia, kila mtu alijua kwamba ni yeye peke yake aliyewahi kukipanda kile kilima mpaka juu bila kushuka, tena kwa baisikeli nyeusi, nzito, isiyo na gia. Wanaume wakiisimulia habari hiyo walimpigapiga mabegani. Yeye aliinuka akaenda nyuma ya nyumba kutafuta kitu cha kufanya. Nilidhani ni mtu asiyependa sifa. Alikufa kabla sijamuuliza.

Asubuhi niliyojaribu, ukungu ulikuwa bado umelala juu ya chai. Nilipita kambi yetu ya zamani. Tangu mashine zianze kuvuna, watu wengi wameondoka, na nyumba nyingi hazina milango. Nilikaza macho barabarani nisije nikatazama ndani. Nikaendelea kukanyaga pedali, nikihema kwa mdomo, mapaja yakiwaka, mpaka nikaifikia kona kali iliyo chini kidogo ya zahanati. Hapo nikasikia sauti ya mwanamke nyuma yangu, karibu kabisa na sikio.

"Simama."

Nikafunga breki, nusura nianguke. Hakukuwa na mtu. Chai tu pande zote, imekatwa sawasawa, na maji yakitiririka mtaroni. Niliigeuza baisikeli nikarudi nyumbani.

Naishi na mama. Nilimkuta jikoni akikata mboga ya sukuma, nikamweleza huku nikicheka, maana nilitaka aniambie ni uchovu. Kisu kikatulia mkononi.

"Ni kwa ile kona ya kabla ya zahanati?"

"Ndiyo, mama."

"Hiyo ilikuwa sauti yangu."

Akavuta kiti, akaketi, akaniambia jambo ambalo hakuna aliyewahi kulitaja nyumbani kwetu. Kabla sijazaliwa walikuwa na msichana, ndiyo kwanza ameanza kutembea. Homa ikamshika usiku. Kulipokucha mvua ilikuwa imeharibu barabara, hakuna gari lililopita.

"Baba yako akanipakia kwa keria, nyuma ya baisikeli, mtoto nikiwa nimemfunga mgongoni kwa leso. Nikamwambia wacha nishuke nitembee, wewe unaumia. Akakataa, akasema tutachelewa. Tulipofika kwa kona nikasikia mtoto amekuwa mzito. Na ile joto yake inatoka mgongoni kwangu. Nikamwambia, simama. Akafikiri nimechoka kukaa. Akasema, vumilia, tumekaribia. Akaendesha mpaka juu."

"Na watu wakamwona akifika."

"Waliona mtu amepanda kilima. Mtoto alikuwa ndani ya leso. Wangejuaje?"

Akarudi kwenye sukuma yake.

Kwa siku kadhaa sikuigusa baisikeli. Kisha asubuhi moja nikaitoa bila kumwambia mama. Sijui nilikuwa nataka nini. Pale konani nilisikiliza, hakuna aliyesema neno. Lakini baisikeli ilikuwa nzito kuliko ilivyopaswa kuwa, na mgongo wangu ulikuwa baridi, ingawa jasho lilikuwa likinidondoka kidevuni. Sikusimama. Nilifika juu nikiwa nimelalia usukani. Mwanamke mmoja aliyekuwa amebeba mtungi wa maziwa akaanza kunipigia makofi kando ya lango la zahanati.

"Umeweza! Sijawahi ona mtu akipanda hiyo!"

Nilitamani anyamaze. Nikaketi kwenye nyasi na kulia, naye akaja akaketi karibu nami.

Niliporudi nilimwambia mama kwamba nimefika. Hakunipongeza. Alivua aproni, akasema anataka apelekwe alikozikwa yule mtoto. Hawakuwa na uwezo wa kumpeleka Kisii, kwa hiyo baba alimzika huku huku, nyuma ya kambi.

Jirani alitupeleka kwa gari lake. Mahali palipokuwa makaburi ya watoto wa wafanyakazi pamepandwa mikaratusi, imekua mirefu, na chini yake hakuna msalaba wala rundo la udongo. Mama alitembea kati ya miti akiigusa mmoja mmoja.

"Ni hapa," akasema. Kisha, "Hapana. Ni pale."

Mwishowe akaacha kutafuta. Akaita jina ambalo sikuwahi kulisikia maishani mwangu. Akaliita tena, si kwa kilio, bali kama mtu anayemwita mtoto aliye karibu aje kula. Majani yalikuwa yakivuma juu yetu, nami nikajikuta nimezuia pumzi ili nisikie.