Shujaa Asiyetoa Jasho

Wakati wetu, sinema ilikuja na gari. Sisi tuliolelewa kwenye kambi za mashamba ya majani chai kule Kericho tulisikia honi yake Jumapili baada ya kanisa, na kabla dereva hajazima injini tulikuwa tumejaa ndani ya holi ya wafanyakazi, tumekaa sakafuni, madirisha yamezibwa kwa magunia ili giza lipatikane. Holi ilinuka moshi wa kuni mbichi na mahindi ya kuchoma ambayo kila mtoto alificha ndani ya sweta. Mkanda ukikatika tulipiga mluzi mpaka uunganishwe.

Shujaa wa sinema zetu, yule jamaa wa mateke, alikuwa anapigwa kwanza. Mdomo unapasuka, anakimbia, anajificha, anakula, analala, anafanya mazoezi hadi anatapika. Akirudi kulipiza, sisi pia tumechoka. Na mtu akifa kwenye sinema zetu, alikuwa amekufa. Kesho yake tulirushiana mateke katikati ya majani chai mpaka nyapara akatufukuza.

Sasa juzi mwanangu Kiprono, aliyekuja likizo kutoka chuo kikuu, akanikalisha mbele ya televisheni hapa nyumbani Sosiot. Alisema dunia nzima imeiona hiyo filamu, nimebaki mimi tu.

Nilikaa. Nikaona mwanamume aliyevaa nguo ya kubana kama soksi akiruka, akagonga ghorofa, ghorofa ikaanguka, naye akatoka kwenye vumbi nywele zimechanwa vizuri. Ikaanguka ya pili, ikaanguka ya tatu. Mji mzima unawaka moto na wenzake wanapiga utani kama watu wanaongoja chai kwa hoteli. Nikauliza waliokuwa ndani ya zile ghorofa wameenda wapi.

"Hao si muhimu kwa stori, Mama," Kiprono akasema.

Baadaye shujaa akafa. Mimi mjinga nikaweka kikombe chini, nikahuzunika. Kiprono akacheka.

"Usijali, anarudi. Ako kwa ile ingine."

"Ingine gani?"

"Hii ni ya sita. Ungeanza na zile za kwanza ndio uelewe."

"Kwa hivyo umenileta kanisani wakati wa matangazo, ibada imeshakwisha."

Ilipoisha, akanizuia kuinuka. Tukasoma majina ya watu, orodha ndefu kama ya wapiga kura, ili tuone mtu fulani akifungua mlango na kutabasamu. Kiprono akapiga makofi. Sikumjua huyo mtu na sikuuliza.

"Lakini si umeona vile ameokoa watu?" akaniambia.

Hapo ndipo nikamwambia kwamba mimi niliwahi kuokolewa, na sikuokolewa hivyo.

Nilikuwa darasa la nne. Mimi na rafiki yangu Akinyi, ambaye baba yake alitoka upande wa ziwa akafanya kazi kiwandani, tulikuwa tunarudi kutoka shule kwa njia ya shambani. Mbingu ikawa nyeusi, kisha mawe ya mvua yakaanza. Si yale ya kuchezea na kula. Yalikuwa makubwa kama viazi, na pale hapakuwa na mti wala paa. Wachumaji walikimbilia banda la kupimia majani. Akinyi akapigwa kichwani, akaanguka, na damu ikaingia machoni. Nilimvuta mkono, akawa mzito, nikaanza kulia.

Mmoja wa wale wachumaji akarudi. Alikuwa Mama Chelagat, jirani yetu, mwembamba, mtu wa kunyamaza. Akamwaga chini majani yote aliyochuma tangu asubuhi, akamfunika Akinyi kwa kikapu, akanisukuma mimi chini ya ile aproni yake ya plastiki, halafu akatuinamia sote wawili. Niliyasikia mawe yakimpiga mgongoni. Alitetemeka kila yalipomgonga. Alichosema ni kimoja tu, "Usitoe kichwa," tena na tena, kwa Kiswahili, ili Akinyi pia aelewe.

Mawe yalipoisha, shamba lilikuwa jeupe na majani yamebaki vijiti. Mama Chelagat alishindwa kunyoosha mkono. Bega lilikuwa limevunjika. Mama zetu walipokezana kumpikia, kumtekea maji na kumlimia, wa kwetu na wa kina Akinyi. Lakini lile bega halikupona sawasawa. Kanisani wakati wa kusifu, wengine wakiinua mikono miwili, yeye aliinua mmoja.

"Na Akinyi?" Kiprono akauliza.

"Ni nesi. Ana alama juu ya sikio."

Akachukua rimoti. "Ni stori poa, Mama. Lakini haiwezi kuwa filamu. Ni fupi sana."

Siku hizi mawe yakianza, watoto husimama chini ya paa na simu, wanachukua video. Siwalaumu, nyumba ziko karibu, na barabara ni nzuri. Kinachonisikitisha ni kwamba wamefundishwa kutazama juu, wangoje mtu ashuke kutoka mawinguni. Sisi tulijua kwamba kutoka mawinguni hushuka mawe tu. Tuliangaza macho kule chini, kwenye majani chai, tukimtafuta mtu mzima, yeyote yule, na karibu kila mara alikuwepo.